Ajira za paneli za jua: hatua ipi?

Mhariri,

Taarifa yenu kuhusu kuongezeka kwa miradi ya nishati safi imetaja ajira za viwandani bila kueleza ni za hatua ipi ya kutengeneza paneli za jua. Silikoni, malighafi ya paneli, husafishwa, huyeyushwa na kugandishwa kuwa mche kama wa sabuni, hukatwa vipande vyembamba na kufanywa seli, yaani vipande vinavyogeuza mwanga kuwa umeme. Mwisho seli huunganishwa kuwa paneli. Viwanda vipya vingi huanzia hatua hiyo ya mwisho kwa sababu mtaji wake ni mdogo. Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Nishati lilieleza kuwa China inashikilia zaidi ya asilimia 80 ya kila hatua.

Kuanzia mwisho si kosa, mradi ubora usiachwe. Unene wa seli haufiki hata milimita 0.2. Moto wa lehemu inayounganisha seli ukizidi, seli hupata nyufa zisizoonekana kwa macho. Plastiki inayoishikanisha na kioo isipoiva sawasawa, kwa kawaida kwenye nyuzi 145 hivi za Selsiasi, tabaka huachana na unyevu hupenya. Kasoro hizi hujitokeza miaka kadhaa baadaye, paneli ikiwa tayari juu ya paa, na hapo kiwanda chenyewe huenda kimeshafungwa.

Napendekeza ruzuku na misamaha ya kodi iambatane na masharti mawili. Kwanza, kila paneli ipitishiwe umeme gizani na kupigwa picha ya kuonyesha nyufa, kabla na baada ya kuokwa ili plastiki iive. Pili, kiwanda kiajiri na kufundisha mafundi wa kusoma picha hizo, badala ya kuhesabu wapakiaji na walinzi peke yao.

Msomaji