Barua ya malalamiko: mkono wa roboti wa maktaba ya kaseti, chumba cha seva, Unguja Mjini

Kwa Meneja wa Huduma Baada ya Mauzo

Ndugu Meneja,

Assalaam alaykum.

KUH: MKONO WA ROBOTI KUSHINDWA KUTEREMSHA KASETI ZA MODULI YA JUU

Tiketi ya tatu mmeifunga kwa kuandika kwamba tatizo limekwisha. Halijakwisha. Maktaba ya kaseti mliyotuuzia na kutufungia, yaani mtambo unaohifadhi nakala za data kwenye kaseti za utepe na kuzihamisha kwa mkono wa roboti, bado inaangusha kazi za usiku za kunakili data. Hadi leo mmebadilisha draivu moja (kifaa cha kusoma na kuandika kaseti), mmelaumu lebo zetu za msimbopau, mmelaumu unyevu wa kisiwa, na mara ya mwisho mmetushauri tununue draivu za kizazi kipya. Katika safari zote hizo hakuna fundi wenu aliyeweka pimamaji juu ya mtambo. Tumeiweka sisi, na barua hii inaeleza tulichokikuta.

Kwa faida ya atakayeisoma bila kuwahi kufika kwenye chumba chetu, mtambo una moduli mbili zilizopandana kwenye raki (fremu ya chuma ya kubebea mitambo), kila moja ikiwa na kimo cha 3U, yaani vipimo vitatu vya raki. Kila moja ina nafasi 40 za kaseti, 20 kwenye droo ya kushoto na 20 kwenye droo ya kulia. Draivu zote mbili, za LTO-8 (kizazi cha nane cha kaseti za aina ya LTO), ziko moduli ya chini, na tundu la kuingizia na kutolea kaseti nalo liko chini. Maana yake kaseti yoyote iliyo juu, iwe inakwenda kusomwa au kutolewa nje, lazima mkono wa roboti uivushe mpaka wa moduli mbili. Hakuna njia nyingine.

Kosa linajitokeza kwa sura mbili. Ya kwanza, mkono unapanda, unageukia droo, vidole vinatoka kuikamata kaseti, halafu unasita, unarudia, na kukata tamaa. Seva inapokea kosa 4/15/01, yaani hitilafu ya kimakenika ya mkao. Ya pili ni mbaya zaidi. Vidole vinaipata kaseti kwa upande mmoja, vinaivuta nusu, kisha vinaiachia. Kaseti inabaki imechomoza, mtambo unaiandika nafasi ile kuwa tupu, na amri inayofuata inajibiwa 5/3B/0E: mahali pa kuchukulia hapana kaseti. Ipo, tunaiona kwa macho kupitia kioo, ila mtambo hauijui. Kama mkono ukipita hapo kwa kasi wakati kaseti imechomoza, hatuhitaji kuwaambia kitakachovunjika.

Baada ya draivu mpya kufungwa na kosa kubaki palepale, tulifanya jaribio ambalo fundi wenu angelimaliza asubuhi moja. Kwa amri za mtx, programu ya kuuamuru mkono wa roboti, kutoka seva ya Linux, tulihamisha kaseti ileile kutoka nafasi ya 12, moduli ya chini, kwenda draivu ya kwanza na kurudi, mara 20. Zote zilifanikiwa. Tukaiweka kwa mkono nafasi ya 57, moduli ya juu, droo ya kushoto, upande wa nyuma. Safari 20, tisa zilikwama. Tukaihamishia droo ya kulia ya juu: ilikwama mara moja tu. Kisha tukachukua kaseti nyingine iliyozoea kukwama juu tukaiweka nafasi ya 12, na ikaenda kama maji. Draivu ya pili ilitoa majibu hayohayo. Basi kosa halifuati kaseti, halifuati lebo, halifuati draivu. Linafuata mahali.

Hapa ndipo tunapotofautiana na ripoti yenu. Fundi ameandika kwamba mtambo ulipowashwa upya ulihesabu kaseti zote 80 bila kasoro, kwa hiyo roboti ni nzima. Hoja hiyo haisimami. Wakati wa kuhesabu, mkono unapita mbele ya kaseti na kisomaji kinaangalia msimbopau kwa mbali. Lebo ikiwa juu au chini kidogo ya katikati, bado inasomeka, maana mistari ya msimbopau ni mirefu na inatosha kuonekana sehemu yake. Kukamata ni kazi nyingine kabisa. Kaseti ya LTO ina unene wa milimita 21.5, na vidole lazima viingie kwenye vijishimo vilivyo ubavuni mwake, pande zote mbili, vikiwa sawa. Kosa la milimita moja na nusu ambalo kisomaji halilioni linatosha kuvifanya vidole vigonge plastiki. Kuhesabu kunathibitisha kwamba roboti inaona. Hakuthibitishi kwamba inashika.

Sasa kipimo. Tulizima mtambo, tukachomoa droo, tukaweka pimamaji juu ya kila moduli. Ya chini imelala sawa. Ya juu imenyanyuka upande wa nyuma kushoto. Kwenye kiungo, pembe tatu zimekaa vizuri, lakini pembe ya nyuma kushoto ina mwanya uliopitisha kadi mbili za benki zikiwa zimebanana, yaani karibu milimita 1.5. Bolti za reli ya kushoto ya raki, kwa nyuma, zilikuwa zinazunguka kwa vidole. Komeo la kulinganisha moduli lilikuwa limegeuzwa nusu tu, halikufika mwisho.

Mkono wa aina hii haupandi kwa kamba. Unapanda kwa gia zinazotembea juu ya reli zenye meno pembeni mwa moduli, na reli za moduli ya juu zinatakiwa ziendelee kutoka za chini kana kwamba ni kipande kimoja. Reli moja ikiwa na kidaraja, gia ya upande huo inapanda meno kwa kujikwaa huku za pande nyingine zikienda sawa, na mkono mzima unainama. Kompyuta ya mtambo inahesabu mizunguko ya mota na kuamini kwamba imefika, hali ya kuwa vidole viko mahali pengine. Ndiyo maana upande wa kushoto nyuma unakwama zaidi kuliko wa kulia. Na ndiyo maana jaribio la polepole linaloanzishwa kwenye menyu ya mtambo lilipita mbele ya fundi wenu: kwa mwendo mdogo gia inapata nafasi ya kujirekebisha, kwa mwendo wa kazi haipati.

Kuhusu lebo, tunakiri moja. Kaseti tatu zilikuwa na lebo mpya iliyobandikwa juu ya ya zamani, na unene huo ni kosa letu; tumezibandua zote na kusafisha gundi. Zilizobaki ni za kawaida, herufi sita na alama ya kizazi, L8 au L7, mwishoni, na zinasomeka popote zinapowekwa.

Unyevu. Nje ya dirisha, wakati wa masika, tunajua hali ilivyo, na chumvi ya bahari tunaijua kuliko mnavyotueleza kwa barua pepe. Lakini mtambo hauko nje. Viyoyozi viwili vinapokezana, joto la chumba ni nyuzi 21 hadi 23 na unyevu haujavuka asilimia 50. Kaseti zinazorudi kutoka Pemba, tunakohifadhi nakala ya pili, zinakaa chumbani saa 24 kabla ya kuingizwa, ili utepe uzoee hali ya chumba. Na unyevu gani huo unaochagua droo ya kushoto ya juu na kuiacha ya kulia?

Ushauri wa kupitisha kaseti ya kusafishia kila siku tumeusimamisha. Kaseti hiyo inasugua kichwa cha draivu, ina idadi maalumu ya matumizi, na inapaswa kuingizwa pale draivu yenyewe inapoiomba. Mkono wa roboti hausafishwi nayo hata kidogo. Ni sawa na kumpaka mtu dawa ya macho kwa kuwa ameteguka kifundo.

Pendekezo la kununua draivu za LTO-9 limetushangaza zaidi ya yote. Draivu hizo zinasoma na kuandika LTO-9 na LTO-8, LTO-7 hazisomi. Sehemu ya kumbukumbu zetu za miaka ya nyuma ziko kwenye LTO-7, na draivu za LTO-8 tulizonazo zinazisoma na kuziandika bila shida. Tukifuata ushauri wenu tutalipa fedha nyingi ili tupoteze uwezo wa kusoma kaseti zetu wenyewe. Juu ya hayo, kaseti mpya ya LTO-9 inapoingizwa mara ya kwanza inapimwa kwanza na draivu, kazi inayoweza kufika saa mbili, jambo ambalo hamkulitaja. Na baada ya yote hayo mkono ungebaki uleule, ukijikwaa palepale.

Madhara yake si ya vitabuni. Nakala ya pili ya data inatolewa kila wiki, inapanda boti Malindi hadi Mkoani na kuhifadhiwa Chake Chake, ili lolote likitokea Unguja kuwe na nakala kisiwa kingine. Kisiwa kilichokaa miezi mitatu bila umeme wa gridi, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, hakihitaji kufundishwa umuhimu wa nakala ya pili. Kaseti za nakala hiyo ziko moduli ya juu. Mkono ukikwama, hatuna budi kusimamisha mtambo, kuvuta droo nzima, kutoa kaseti kwa mkono, kurudisha droo, na kusubiri ihesabiwe upya huku kazi nyingine zote zimesimama. Fundi wenu mmoja alituelekeza kwa simu tuifungue droo kwa pini ya dharura wakati mtambo umewashwa. Hatukufanya hivyo, na tunaomba asimwelekeze mteja mwingine hivyo, kwa sababu mkono ukiwa umeshika kaseti ndani ya droo, droo ikivutwa vidole vinaondoka nayo.

Hatujaigusa reli wala komeo, kwa kuwa dhamana bado iko hai na mkataba unakataza. Kila kitu kimeachwa kama kilivyokutwa, na picha za pimamaji, mwanya na bolti tumeziambatanisha pamoja na logi (kumbukumbu za matukio) za mtambo.

Tunachotaka ni hiki. Ndani ya siku 14 aje fundi mwenye uzoefu wa kufunga moduli, si wa kubadilisha draivu. Ateremshe moduli ya juu, akaze reli za raki mbele na nyuma, azisawazishe kwa pimamaji, aipandishe tena, alinganishe na kufunga komeo hadi mwisho. Kisha akague meno ya reli na gia za mkono chini ya taa. Mkono huu umejikwaa hapo tangu siku ya kufungwa, na meno yakiwa yamelika, kusawazisha peke yake hakutatosha: utahitajika mkono mpya, chini ya dhamana, kwa kuwa uchakavu huo umetokana na ufungaji wenu. Kazi isihesabiwe kuwa imekwisha kwa kuhesabu kaseti. Ihesabiwe kwa safari 20 kwa mwendo wa kawaida kutoka kila pembe ya moduli ya juu hadi draivu zote mbili, mbele yetu, bila kosa hata moja.

Pamoja na hayo mturudishie gharama za nauli na siku za kazi mlizotutoza kwa ziara mbili za kubadilisha na kukagua draivu ambayo haikuwa na kosa, na hiyo draivu ya awali mliyoondoka nayo irudi au tupewe maandishi ya kasoro iliyokutwa ndani yake. Siku 14 zikipita bila fundi kufika, tutalipeleka suala hili kwenye vyombo vya kumlinda mtumiaji vya hapa Zanzibar pamoja na vipimo hivihivi.

Fundi atakapokuja, aje na funguo za bolti za raki. Mara iliyopita aliazima zetu.

Wenu,

Mafundi wa chumba cha seva,
Unguja Mjini