Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara: vibarua wa ng'ambo ya Ruvuma waandikwe

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salaam kutoka Tandahimba. Mikorosho imetoa maua, wapuliza dawa wako mashambani na mashine mgongoni, na kabla minada haijafunguliwa utaletewa taarifa ile ile ya kila msimu, kwamba watu wa ng'ambo wamejaa vijijini. Nimeona nikuwahi, maana taarifa hizo hubeba ombi moja tu, nalo ni operesheni ya kuwasaka na kuwaondoa. Langu ni jingine. Naomba wanaovuka Ruvuma kutoka Msumbiji kuja kupalilia na kuokota korosho waandikwe, wapewe kibali cha msimu, wafanye kazi wakionekana, kisha warudi kwao.

Nakuhakikishia kwamba huku hatuna msimamo mmoja, na atakayekuambia "wananchi wanataka hivi" amezungumza na upande uliomkaribisha chai. Mwenye ekari nyingi anawataka vibarua wa ng'ambo, ila mbele ya mkutano wa kijiji hatanyanyua mkono. Mama mwenye mikorosho thelathini, watoto wake wako Dar wanatembeza bidhaa Kariakoo, anawataka na anasema wazi, kwa kuwa korosho ikianguka na mvua ikaikuta chini, daraja linashuka na bei inashuka nalo. Kijana wa kijiwe cha bodaboda hawataki. Wazee wetu swali lenyewe linawashangaza: ukoo mmoja uko Newala na Mueda ya ng'ambo, jando na unyago tunaalikana, misiba tunazikana, sasa mgeni ni nani?

Wazee wana haki ya kushangaa. Mto huu ulifanywa mpaka na Wajerumani na Wareno mwaka 1886, wala haukukaa mpaka kila mahali: Kionga, iliyo ng'ambo karibu na bahari, Wajerumani waliichukua 1894 na Wareno wakairudisha kwao 1916. Bibi zetu hawakuulizwa hata mara moja. Hata hivyo siungi mkono wanaosema mpaka uachwe wazi kama zamani. Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka mto wakaingia kijiji cha Kitaya, wakaua na kuchoma nyumba. Anayetuambia leo kwamba hofu ya wanakijiji wa mtoni ni chuki tu, alale Kitaya usiku mmoja wa kiangazi, maji yakiwa yamepungua na mtu anavuka kwa miguu.

Lakini hofu hiyo hiyo ndiyo inayonipa hoja. Kwa utaratibu wa sasa kibarua wa ng'ambo hapiti kwenye vituo vya mpakani, Kilambo wala Daraja la Umoja kule Mtambaswala, kwa sababu akipita na kusema ukweli kwamba anakuja kufanya kazi, hana kibali cha kuonyesha. Anavuka kwa mtumbwi, analala kibandani ndani ya shamba, na mwenye shamba anamficha hata balozi wa nyumba kumi. Tumejitengenezea wenyewe kundi la watu wasiojulikana majina, kisha tunaogopa watu wasiojulikana. Mwenye nia mbaya hawezi kuomba mahali pazuri zaidi pa kujichanganya. Mtu aliyepigwa picha, akachukuliwa alama za vidole, likaandikwa jina la kijiji chake na la mkulima aliyemwita, huyo Kamati yako ya Usalama inaweza kumuuliza. Wa kibandani utamuuliza wapi?

Sasa hoja ya vijana, ambayo wakulima wenzangu huipuuza na mimi siipuuzi. Wanasema bei ya kupalilia na kuokota inashuka wageni wakija. Ni kweli, inashuka. Ila tazama inashukaje. Mwenye shamba na kijana wa hapa wakikubaliana bei na mwenye shamba akaipunguza siku ya malipo, kijana anakwenda kwa mtendaji, au anasimama uwanjani anatukana hadi majirani watoke, na analipwa. Wa ng'ambo akipunjwa ananyamaza. Wapo wenye mashamba, tunawajua, ambao siku ya malipo ikikaribia wanaanza kuzungumzia habari za msako kwa sauti ya kusikika, na kibarua anaondoka usiku bila senti. Shamba limepaliliwa bure. Mkulima wa jirani aliyelipa kihalali anaonekana mjinga, na mwaka unaofuata naye anatafuta mtu wa kumficha. Kinachoshusha bei ni woga wa mtu asiye na karatasi. Jembe lake ni kama la kijana wetu, na tumbo lake pia.

Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha kilimo cha wakati huo kuwa shilingi 140,000 kwa mwezi. Haikusema ni kwa mwenye kitambulisho cha NIDA peke yake. Ila nani atakwenda kudai, ikiwa kudai ni kujitaja? Mpe kibali, kiandikwe bei ya kipande kilichokubaliwa, na hapo kijana wa kijiwe atashindana na mtu anayelipwa sawa naye. Baadhi yao bado hawatataka kuokota, niseme bila kumung'unya maneno. Bodaboda ina mziki na kivuli, shamba lina siafu. Huo ni uamuzi wao na siwalaumu, mradi asiyetaka kazi asiizuie isifanyike.

Kuna jambo limechanganya watu tangu Julai 2025, pale ilipotoka amri ya kupiga marufuku wasio raia kufanya aina kumi na tano za biashara, uwakala wa fedha za simu, ufundi simu na saluni zikiwemo, pamoja na kununua mazao shambani. Faini kwa mgeni haipungui shilingi milioni 10, na raia atakayemsaidia inamhusu milioni 5. Huku wengi walishangilia, na kwa ununuzi wa mazao shambani nilishangilia nami (ingawa kangomba, yaani kununua korosho kinyemela nje ya mnada, tunayoijua sisi hufanywa na ndugu zetu wenyewe, kwa vipimo vyao vya ndoo). Tatizo ni kwamba vijijini amri ile imesomwa kama amri dhidi ya kila mgeni. Inahusu biashara. Mtu aliyekuja na jembe hanunui kitu, anauza nguvu zake, na sheria inayomgusa ni ile ya ajira za wasio raia ya mwaka 2015. Sheria hiyo ukiisoma unaona mezani walikuwa wanamfikiria mhandisi: vyeti, mwajiri mwenye kampuni, mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi, ada inayotajwa kwa dola. Hakuna mpango wa kurithisha ujuzi wa kuokota korosho, Mheshimiwa.

Mkenya mwenye taaluma ana mlango, japo mwembamba, kupitia Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lililoanza Julai 2010. Msumbiji haimo katika jumuiya hiyo. Tuko nayo SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ambako itifaki ya kurahisisha watu kusafiri na kufanya kazi ilisainiwa 2005 na hadi leo haijaanza kutumika. Kwa hiyo tumekaa karibu na watu hawa kuliko tunavyokaa na Nairobi, na mlango wao ndio haupo.

Watu hawa tumewahi kuwapokea, na sisi wenyewe tumewahi kuwa upande wa pili. Mikonge ya Lindi, Kikwetu na kwingineko, ilikatwa na manamba waliokimbia kazi za shuruti za Wareno. Baada ya mauaji ya Mueda, Juni 1960, na vita vilivyofuata, maelfu walipokelewa, wengine wakawekwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Rutamba, na wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, wakafunzwa Nachingwea. Hayo husemwa sana kwenye hotuba za ujirani mwema. Husemwa kidogo zaidi kwamba mwanzoni mwa 2017 vijana wetu walifukuzwa Montepuez, Msumbiji, kwenye machimbo ya rubi, wengi wakaacha mali zao huko. Hapa Mtwara tulikasirika sana. Tuliuliza kwa nini hawakupewa muda, kwa nini hawakusikilizwa. Mwaka ule ule, wakati wa kuokota, palikuwa na watu wa Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji linalopakana nasi, waliotimuliwa kwenye mashamba yetu, na maswali yale hayakuulizwa.

Wanaoogopa kwamba kibali ni mwanzo wa kuhamia moja kwa moja, nawaomba watazame Kwale, Kenya. Wamakonde, wengi asili yao Msumbiji, walikwenda huko enzi za ukoloni kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Walitumika, hawakuandikwa. Wajukuu wao walikaa bila utaifa wowote hadi Oktoba 2016 walipoandamana kwa miguu kwenda Nairobi, na baadaye wakatambuliwa kuwa kabila la arobaini na tatu la Kenya. Nawafurahia. Lakini ndivyo inavyokuwa usipoandika: msimu unageuka vizazi, na hakuna anayeweza kusema nani aliingia lini na alipaswa kutoka lini. Kibali chenye tarehe ya mwisho kina faida hata kwa asiyempenda mgeni.

Najua huwezi kubadili sheria ukiwa ofisini kwako. Vibali vya kazi viko kwa Kamishna wa Kazi, vya ukaazi viko Uhamiaji. Ila mambo matatu yako mkononi mwako. Unakutana na wenzako wa Cabo Delgado kwenye vikao vya ujirani mwema, na suala la vibarua linaweza kuwa ajenda badala ya ngoma na chakula cha mchana. Unaweza kupeleka Dodoma pendekezo la mkoa: kibali cha miezi michache kwa kazi za korosho, kitolewe Kilambo na Mtambaswala kwa ada ya shilingi ambayo mkulima mdogo anaimudu, AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, ikiwa mdhamini, kwa sababu AMCOS tayari ina daftari la kila mkulima na kilo zake. Na wakati tunasubiri, unaweza kuagiza kwamba kibarua anayekamatwa asiondolewe kabla hajaulizwa anamdai nani, na mdaiwa aitwe alipe hapo hapo. Hilo la tatu halihitaji Bunge. Ukilifanya msimu mmoja tu, wenye tabia ya kutangaza misako watapungua, na baadhi yao utakuta ni watu wakubwa wa vijiji hivi.

Ukijibu, usijibu kwa simu kwa mtu mmoja. Barua ibandikwe kwenye ubao wa AMCOS, pale tunaposoma bei za mnada, ili aliyekubali na aliyekataa waisome pamoja.

Mkulima wa korosho,
Tandahimba