Barua kwa Mama Neema kuhusu maziwa ya mtoto

Nkuhungu, Dodoma
Jumanne usiku

Mpendwa Mama Neema,

Mbukwa, ndugu yangu. Poleni tena na msiba, na wewe pole zaidi, maana mdogo wako amekuachia majonzi na mtoto mchanga kwa siku moja.

Jumapili basi lilipokuwa linaondoka hapo Manyoni uliniuliza dirishani: siku ya kumleta mtoto kliniki Dodoma, maziwa yake ya kopo, haya ya unga ya watoto wachanga, uyakoroge nyumbani kabisa asubuhi, au vipi? Nikakujibu kwa mkono tu kwamba nitapiga simu. Nimeona simu haifai. Haya ni mambo ya kusoma mara mbili tatu, tena na huyo binti anayekusaidia ayasome.

Jibu ni hapana, usikoroge nyumbani. Nakuambia hivyo kwa uchungu, kwa sababu mimi nilikoroga.

Unakumbuka nilimchukua mtoto wa kaka yangu akiwa na siku 9. Alipofika miezi miwili nilisafiri naye kwenda Kondoa. Alfajiri nilitengeneza chupa mbili za maziwa, nikaziviringisha kwenye kanga zisipoe, nikaziweka kwenye mkoba, nikaona nimejipanga vizuri. Chupa ya kwanza aliinywa mapema. Ya pili nilimpa jua likiwa limeshapanda, ikiwa bado vuguvugu, nami nikafurahi kwamba kanga imefanya kazi. Usiku ule alitapika na kuharisha mpaka fontaneli, pale utosini, ikabonyea. Tulilala hospitali siku tatu. Muuguzi mmoja mtu mzima alikaa nami kitandani akaniuliza taratibu nilivyotengeneza, na hakunigombeza. Alisema ile kanga ndiyo iliyowapa vijidudu mahali pazuri pa kuzaliana.

Ndipo akaniambia jambo ambalo sikuwa nimewahi kulisikia. Unga ulio ndani ya kopo si kitu kilichouliwa vijidudu vyote, hata kama kopo ni jipya na hujalifungua. Unaweza kuwa na salmonela, au kijidudu kingine kinachoitwa kronobakta, ambacho kwa mtoto mchanga kinaweza kuingia kwenye damu hadi kwenye ubongo. Kinachowaua ni maji ya moto, nyuzi joto 70 au zaidi, yakutane na unga yakiwa na joto hilo. Mimi siku zote nilikuwa nachemsha maji vizuri, halafu nayaacha yapoe kabisa ndipo naweka unga, nikiogopa kumuunguza. Kumbe nilikuwa nachemsha maji tu, unga nikiuacha na wadudu wake.

Basi fanya hivi. Chemsha maji kama lita moja mpaka yatokote hasa. Epua, yafunike, na usiyaache zaidi ya nusu saa; kwa lita moja, ndani ya muda huo yanakuwa bado yana joto la kutosha. Nawa mikono kwa sabuni, futa meza. Mimina maji kwanza kwenye chombo cha mtoto, kwa kipimo, kisha ndiyo unga. Tumia kijiko kilichokuja na kopo hilo hilo, ukipanguse juu kwa kisu kisafi kilichokauka, usishindilie. Kijiko cha kopo moja usikihamishie kwenye kopo la aina nyingine, havilingani. Makopo mengi ni kijiko kimoja kwa mililita 30 za maji, lakini lisome lako. Koroga, kisha poza kwa kuweka chombo kwenye bakuli la maji ya baridi, maji yasifike kwenye mfuniko. Dondoshea kwenye kifundo cha mkono wako: yakiwa vuguvugu, mpe.

Alichobakiza, mwaga. Najua inavyouma, kopo bei yake tunaijua, lakini mate yake yameshaingia mle. Na ambayo hajayagusa, yakikaa saa 2 nje, mwaga pia.

Mtoto wako ana kilo 3. Kwa siku anahitaji kama mililita 450, yaani mililita 150 kwa kila kilo, ukigawa mara nane inakuwa kama 60 kila mlo. Siku nyingine atazidisha, nyingine atapunguza, usimlazimishe.

Sasa suala la chupa. Mama Neema, nakuomba uachane nayo kama unaweza. Sisi huku maji ni ya mgao, na kwenu nako najua mnavyosubiri dumu. Chuchu ya plastiki na shingo ya chupa zina vipenyo ambavyo maziwa yanaganda humo, na bila brashi na maji ya kutosha hazitakati. Kikombe kidogo kilicho wazi unakiona mpaka chini. Mkalishe mapajani akiwa wima kidogo, gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wake wa chini, kiinamishe mpaka maziwa yaguse midomo tu, umwache mwenyewe ayafuate kwa ulimi. Usimmiminie. Siku mbili za kwanza nusu itaishia kwenye kitambaa, siku ya tatu utashangaa. Iwe kikombe iwe chupa, osha kwa sabuni mara tu anapomaliza, kisha chemsha ndani ya sufuria yenye mfuniko, vyombo vizame, dakika 10. Viache humo humo mpaka utakapovihitaji, vumbi letu la kiangazi unalijua.

Maji yenyewe uyaangalie. Yale ya kisima yenye ladha ya chumvi, kuchemsha hakuyaondolei chumvi. Tafuta yasiyo na chumvi kwa ajili ya mtoto, hata kama ni dumu moja la kununua. Na maji ya chupa ya dukani nayo yachemshe, hayajatengenezwa kwa ajili ya mtoto mchanga.

Usiku ndio mgumu, maana kuwasha mkaa saa nane mtoto analia ni mateso. Hapo ndipo chupa ya chai inapookoa. Kabla ya kulala chemsha maji, ijaze mpaka juu, ifunge. Ikiwa nzima na imejaa, maji yanakaa juu ya nyuzi 70 kwa saa kadhaa. Iwe ya mtoto peke yake, isiwahi kutiwa chai wala kahawa. Ukifungua usione mvuke ukipanda kwa nguvu, hayo yameshapoa, washa moto.

Na safari ni hivyo hivyo. Maji ya moto yasafiri kwenye chupa ya chai, unga usafiri mkavu ndani ya vikopo vidogo vilivyochemshwa na kukaushwa, kila kikopo na kipimo cha mlo mmoja. Kikombe chake kifunge kwenye mfuko safi. Chukua na chupa ya maji baridi na kibakuli cha kupozea. Kutoka Manyoni mpaka hapa, ukimnywesha kabla ya kupanda basi anaweza asidai mpaka mmeipita Kintinku, pengine hata Bahi. Akidai, koroga hapo hapo, poza, mpe. Ukifika stendi usikubali mama yeyote akupashie maziwa yaliyokorogwa zamani, hata akiwa na nia njema. Kupasha hakurudishi kitu.

Wazee watakwambia sisi tumekuzwa kwa maziwa ya ng'ombe. Sikiliza kwa heshima, usifuate. Kwa mtoto wa umri huu maziwa ya ng'ombe na ya mbuzi yana protini na chumvi nyingi kuliko figo zake zinavyoweza, na madini ya chuma ni kidogo. Usiongeze sukari, usichanganye na uji kabla ya miezi 6. Na usikubali kuongeza maji ili kopo lisogee hadi mwisho wa mwezi. Hili nalisema nikiujua mshawasha wake, mkono wangu umeshawahi kusita juu ya kijiko. Maziwa mepesi yanamjaza tumbo huku anakonda, na maji yakizidi sana anaweza hata kupata degedege. Mazito kupita kipimo nayo yanamkausha maji mwilini.

Kwa hiyo hesabu ifanyike mapema. Mpaka afikishe miezi 6 atakula kama kilo 20 za unga, yaani makopo 40 ya gramu 500. Liweke hilo kwenye kikao cha familia wiki hii, wajomba wakiwa bado wapo hapo na mioyo yao bado laini. Baada ya arobaini kila mtu atarudi kwake, na simu zitakuwa hazipokelewi.

Ukimwona ana homa, au amegoma kunywa, au amelegea, usisubiri kliniki wala usisubiri kushauriana nami. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mama yake angekuwepo nisingekuandikia lolote katika haya, ningekuambia umshike mkono anyonyeshe, kwa sababu hakuna kopo linalofanana na titi la mama. Lakini hayupo, na mtoto yupo, na mikono iliyobaki ni yako.

Jumamosi nitakuja na basi la asubuhi. Nimeshanunua chupa ya chai mpya na vikombe viwili vidogo, na vikopo vya unga ninavyo vile vya zamani, nitavichemsha kesho. Nitalala kwako siku mbili, usiku wa kwanza nitamnywesha mimi, wewe ulale.

Msalimie Baba Neema na watoto.

Wako,
Mama Rehema