Risala ya Klabu ya Historia na Uraia kwa Mstahiki Meya, Mgeni Rasmi katika Siku ya Klabu, Mikindani

Mstahiki Meya, Mgeni Rasmi;
Mheshimiwa Diwani wa kata yetu;
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule na wajumbe wako;
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa;
Mkuu wa Shule na walimu wetu;
Wazee wetu wa Mikindani, wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu;
Itifaki imezingatiwa.

Assalamu alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima na kutukutanisha siku ya leo. Pili tunakushukuru wewe, Mstahiki Meya, kwa kuupokea mwaliko wetu na kuja mwenyewe bila kutuma mwakilishi. Hili tunalisema kwa uzito wake. Huko nyuma tumewahi kuandaa meza kuu, tukapanga ngoma na mashairi, kisha tukaketi kumsikiliza mtu aliyeanza hotuba kwa kusema ametumwa na kuimaliza kwa kusema atafikisha. Leo umefika wewe. Karibu sana Mikindani, karibu shuleni kwetu.

Mstahiki Meya,
Klabu yetu ilianzishwa na wanafunzi wachache wa kidato cha pili chini ya ulezi wa mwalimu wetu wa Uraia, na sasa ni klabu inayofahamika ndani na nje ya kata. Tumeshiriki mdahalo wa shule jirani na kutwaa nafasi ya pili, kwa tofauti ya alama ambayo majaji wenyewe walikiri kuwa ni ndogo mno. Tumefanya ziara ya mafunzo kwa miguu hadi kwenye Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, ziara iliyowajenga wanachama kimwili na kifikra. Tumewahoji wazee kuhusu mji wetu wa zamani na bandari yake, na masimulizi yao tumeyaandika kwa mkono kwenye madaftari.

Kazi kubwa kuliko zote mwaka huu ni utafiti wetu juu ya historia ya umeya nchini, pamoja na Baraza la Madiwani la mfano lililofuata. Joho ulilokuta limetundikwa hapo ukutani lilishonwa na mzazi wetu mmoja kwa satini nyekundu iliyobaki kwenye mapambo ya harusi. Mkufu wake ni vizibo vya soda vilivyogongwa vikawa bapa, vikatobolewa kwa msumari na kupakwa rangi ya dhahabu. Meya wetu wa mfano, msichana wa kidato cha tatu, aliongoza kikao kwa kanuni: hoja ikatolewa, ikaungwa mkono, ikajadiliwa, ikapigiwa kura. Hoja yenyewe tutaieleza hivi punde.

Mstahiki Meya,
Historia ya cheo chako ni ndefu, nasi tutaipitia kwa haraka. Joho na mkufu vimetoka Uingereza. Mji wa London ulikuwa na meya tangu mwishoni mwa karne ya 12, na mwaka 1215 Mfalme John aliwapa wenyeji hati ya kumchagua meya wao kila mwaka, kwa sharti kwamba aende kuapa utii kwa mfalme. Safari hiyo ya kwenda kuapa ndiyo iliyozaa maandamano ya meya ambayo yangali yakifanyika huko kila mwezi wa Novemba. Leo London ina mameya wawili: yule wa joho, ambaye kwa sehemu kubwa ni wa heshima, na mwingine anayechaguliwa na wananchi tangu mwaka 2000, mwenye bajeti na mamlaka ya utendaji.

Kwetu cheo hiki kililetwa na Waingereza. Dar es Salaam ilipata hadhi ya manispaa mwaka 1949, na madiwani wa mwanzo waliteuliwa na serikali ya kikoloni. Mwaka 1960 Sheikh Kaluta Amri Abedi akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunamfahamu zaidi kwa ushairi, na wapenda mpira wanalifahamu jina lake kutokana na uwanja ulioko Arusha. Mwaka uliofuata tukapata Uhuru, na Dar es Salaam ikawa jiji.

Kisha ikaja sera ya Madaraka Mikoani mwaka 1972. Serikali za mitaa zikavunjwa, mabaraza ya miji nayo yakaondoka, na umeya ukazimika. Huduma za mijini zikadorora: taka, maji machafu, na kipindupindu kikaingia. Ikabidi sheria itungwe mwaka 1978 kuyarejesha mabaraza ya miji, na mwaka 1982 zikatungwa sheria za serikali za mitaa, ikiwamo Sheria Namba 8 ya mamlaka za miji ambayo imeendelea kuwa msingi wa cheo chako. Hata baada ya hapo umeya haukuwa na uhakika kila mahali. Baraza la Jiji la Dar es Salaam lilivunjwa mwaka 1996 na kazi zake zikafanywa na Tume hadi mwaka 2000, na mwezi Februari 2021 jiji lile likavunjwa tena, hadhi yake ikapewa Ilala.

Huku kusini, mji mkongwe ni huu wa Mikindani, ambako David Livingstone alipita mwaka 1866 kuanza safari yake ya mwisho ya bara. Makao makuu ya Jimbo la Kusini la enzi za ukoloni yalikuwa Lindi. Mtwara mjini ni mtoto wa mradi wa karanga wa Waingereza, uliolazimisha ijengwe bandari ya kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga zilishindwa, reli iling'olewa, bandari ikabaki, na makao makuu ya jimbo yakahamia Mtwara. Ndiyo maana manispaa unayoiongoza ina majina mawili, Mtwara na Mikindani. Sisi wa jina la pili tunafurahi kila mara jina la pili linapokumbukwa.

Mstahiki Meya,
Tutakueleza kwa nini tuliuchagua umeya kati ya mambo yote ya kutafiti. Huko nyuma tulimweleza mgeni wetu mmoja shida ambayo tutakueleza sasa. Alitusikiliza vizuri, akatujibu kwamba yeye si mtu wa fedha. Mgeni mwingine kabla yake alisema tumwone mtendaji, na mtendaji akasema jambo hilo ni la vikao. Tukaona tusome ili tujue kwa hakika tumwombe nani.

Tumesoma, na tumekuta hivi. Meya huchaguliwa na madiwani wenzake miongoni mwao, kwa kipindi cha miaka mitano. Hatii saini hundi. Mtendaji mkuu na afisa masuuli, yaani anayewajibika kwa fedha za manispaa, ni Mkurugenzi, ambaye ni mteule wa Rais. Kwa hiyo ni kweli kwamba cheo chako kina heshima kubwa kuliko mfuko wake, na hatutakuomba fedha yako binafsi wala kukushikisha bahasha hapa mbele ya watu. Lakini tumekuta pia kwamba Meya ndiye anayeongoza Baraza la Madiwani, na ndiye anayeongoza Kamati ya Fedha na Uongozi. Bajeti ya manispaa haiwi bajeti mpaka ipitie kwenye vikao ambavyo wewe ndiye unayeketi kiti cha mbele. Meya akiuliza jambo mara mbili kikaoni, jambo hilo huandikwa kwenye muhtasari. Tunakuomba kwa sababu tumejua uzito wa kiti hicho.

Mstahiki Meya,
Shida yetu ni moja: paa la maktaba.

Boma la maktaba, yaani jengo la kuta tupu lisiloezekwa, lipo nyuma ya madarasa ya kidato cha kwanza, na tunakuomba kabla hujaondoka uzunguke ulione, ni hatua chache tu. Limejengwa kwa nguvu za wananchi. Wazazi walichanga baada ya msimu wa korosho, wavuvi wetu walitoa sehemu ya mauzo ya samaki, na wasiokuwa na fedha walifyatua tofali na kubeba maji kwa ndoo kutoka bombani. Limepanda hadi usawa wa lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, na hapo likasimama. Nondo za juu zimeachwa wazi na zimeliwa na kutu, maana upepo wa bahari hapa hauna huruma na chuma. Kuta za ndani zimeota ukungu wa kijani. Katikati ya chumba ambamo pangekaa meza za kusomea umeota mpapai, na mwaka huu umezaa.

Mafundi wametuambia wazi kwamba tofali zilizoachwa bila paa zinakula mvua kila masika, na zikiendelea hivyo kozi za juu zitabomolewa na kujengwa upya. Maana yake ni kwamba mchango wa wazazi unayeyuka polepole, na wazazi wanauona ukiyeyuka kila wanapokuja kwenye kikao cha shule. Safari hii tulipowaomba wachangie madawati, mzee mmoja alisimama akauliza kwa upole kama madawati hayo nayo yatakaa mvuani. Hatukuwa na jibu la kumpa.

Vitabu vyetu kwa sasa vimo kwenye stoo ya vifaa vya michezo, pamoja na majembe na ndoo za chokaa. Madaftari ya masimulizi ya wazee tuliyatunza kwenye sanduku la mbao sakafuni. Mwezi wa Machi tulipolifungua tulikuta mchwa wamepanda kutoka chini wakala daftari mawili hadi kwenye jalada, na moja kati ya hayo lilikuwa la mzee ambaye ameshatangulia mbele ya haki. Hatuwezi kurudi kumhoji. Hilo limetuuma kuliko yote tuliyoyataja, na ndilo lililotufanya tuandike risala hii kwa namna hii.

Mstahiki Meya,
Tunaomba uturuhusu tuseme kwa adabu zote kuhusu ahadi. Boma hili limeahidiwa mabati zaidi ya mara moja. Ahadi ya kwanza ilitolewa kwenye mahafali, kwenye kipaza sauti, vigelegele vikapigwa, na akina mama wakatandika kanga mgeni apite juu yake. Tukaandika barua ya kukumbusha, ikapita Serikali ya Mtaa, ikapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, ikagongwa mihuri, ikaenda mbele. Wakaja wataalamu na futi kamba, wakapima urefu na upana. Baadaye wakaja wengine, wakapima tena, na vipimo vilikuwa vilevile. Aliyetoa ahadi amekwisha hama. Hatumtaji na hatumlaumu, kila mtu ana majukumu yake. Tunasema tu kwamba ahadi ni deni, na deni hili wamebaki nalo wanafunzi.

Tuna mahitaji mengine: kompyuta, uzio, matundu ya vyoo, na gharama za kuchapisha utafiti wetu. Tumeyafuta kwenye rasimu kwa makusudi. Risala ya mwaka uliopita iliomba mambo saba, yakakubaliwa yote saba, na hakuna hata moja lililofika. Tumeona ni heri tuombe moja ambalo litafuatiliwa.

Kwa hiyo ombi letu, Mstahiki Meya, ni hili. Ukamilishaji wa boma la maktaba uingizwe kwa jina lake kwenye mpango na bajeti ya mwaka wa fedha unaokuja unaoanza Julai 1, katika sehemu ya mapato ya ndani inayotengwa kwa miradi ya maendeleo, na wewe mwenyewe uuulizie wakati Kamati ya Fedha na Uongozi inapoketi. Tunaomba mbao za kenchi zilizotiwa dawa ya mchwa, na mabati ya geji 28. Tunasisitiza geji 28 kwa sababu nyumba ya mwalimu iliyo karibu na ufukwe iliezekwa kwa geji 30, ambayo ni nyembamba zaidi, na chumvi imeshaitoboa. Bati jembamba hapa Mikindani ni hasara. Ufundi hatuombi: mafundi wa mtaani ambao ni wazazi wetu wameahidi kupaua na kuezeka kwa chakula cha mchana tu, na majina yao yamo kwenye kiambatisho pamoja na makisio ya vifaa, picha za boma na nakala ya muhtasari wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Bahasha yote anayo Mkuu wa Shule, utakabidhiwa baada ya risala hii.

Na hii ndiyo hoja iliyojadiliwa na Baraza letu la mfano. Ilipita kwa kauli moja, na diwani wa mfano wa upinzani naye alinyoosha mkono.

Tuna ombi dogo linaloambatana na hilo. Utakapotujibu, tunakuomba ututajie kikao: ni kikao cha mwezi gani jambo hili litafikishwa. Tukishajua mwezi, kamati yetu itakuja kuketi kwenye viti vya wananchi, kwa kuwa mikutano ya Baraza ni ya wazi. Tutakuja na sare za shule, tutakaa kimya na tutasikiliza.

Mstahiki Meya, tumekuandalia zawadi ya korosho za kubanguliwa na mkeka wa ukili uliosukwa na bibi zetu wa hapa. Upokee kwa moyo mmoja. Tunakutakia afya njema, wewe na familia yako, na uongozi wenye baraka.

Tunaomba kuwasilisha.

Imeandaliwa na kusomwa kwa niaba ya wanachama,
Katibu wa Klabu ya Historia na Uraia.