Salamu za Krismasi kwa wote wanaopanda kwenda Kilimanjaro

Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Desemba imeingia, na Mchagga na Mpare popote alipo, iwe Dar, Mwanza au Mbeya, ameshaanza kuulizia nauli. Wenye magari yako gereji. Wanaotegemea basi wanawahi tiketi kabla hazijapanda. Nawaombea nyote safari njema, na nyinyi madereva nawasihi kwa upendo: barabara ya kutoka Segera hadi Same ni ndefu na imenyooka, usingizi unapenda kumkuta mtu pale. Pumzikeni. Mama anayesubiri kule juu hajali mmefika saa ngapi, anachotaka ni mfike.

Kwetu Krismasi haiishi tarehe 25. Kuna kipaimara, kuna harusi, kuna kikao cha ukoo, kuna kupalilia makaburi ya wazee pale pale kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo. Halafu kuna mbuzi. Anachinjwa asubuhi chini ya migomba, juu ya majani mabichi ya mgomba, na mzee mmoja anasimamia kisu, kwa sababu kila kipande kina mwenyewe na akikosewa mtu maneno yatafika hadi Pasaka. Damu inaingia kwenye kisusio, supu yetu ya damu. Jikoni kina mama wameshabandika mtori tangu alfajiri, ndizi na mifupa ya ng'ombe mpaka vishikane. Mbege, pombe yetu ya ndizi, inapita kwa kata, anaanza mkubwa. Na huko Upareni makande yako motoni.

Katika yote haya, ninalolithamini zaidi ni sale, mmea wetu wa kuombana msamaha. Wapo ndugu waliogombania mpaka wa shamba, hawajasalimiana miaka. Desemba mmoja anakata jani la sale, anampelekea mwenzake. Ukiletewa sale, mila haikuruhusu kukataa kusamehe. Kama kuna nyumba unayoipita bila kubisha hodi, mwaka huu ndio wa kukata hilo jani.

Nina ombi moja kwenu, hasa nyinyi mnaokuja na watoto waliozaliwa mjini. Msiishie kihambani na kwenye baa ya njia panda. Watoto wetu wanajua kwamba kwao ni Kilimanjaro, lakini hawaijui. Mgeni anavuka bahari kuja kuiona, nasi tunalala chini yake wiki mbili na kurudi.

Wapelekeni Old Moshi. Pale ndipo Mangi (yaani mtawala) Meli, aliyewapiga Wajerumani mwaka 1892 akiwa kijana, aliponyongwa tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wenzake. Inasimuliwa kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na hadi leo ukoo unakitafuta ili kizikwe. Mtoto akisimama mahali hapo akaambiwa habari hii na babu yake, hataisahau.

Wapelekeni Marangu, kwao Yohani Kinyala Lauwo, anayekumbukwa kwa kuwaongoza Hans Meyer na Ludwig Purtscheller katika safari yao ya kupanda hadi kileleni mwaka 1889. Wajerumani wakakiita kilele kwa jina la mfalme wao. Usiku wa Uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda akapandisha pale bendera na mwenge wa Tanganyika, na tangu hapo ni Uhuru, mita 5,895. Si lazima mfike huko. Kutoka geti la Marangu hadi kituo cha Mandara ni matembezi ya siku moja ndani ya msitu, mbega wanaruka juu ya vichwa vyenu, na kiingilio cha Mtanzania ni nafuu sana kuliko cha mgeni. Bebeni makoti na maji, basi.

Mkiwa na nafasi nyingine, kuna maporomoko ya Materuni, na kuna Ziwa Chala upande wa Rombo, limejaa ndani ya kreta kwenye mpaka na Kenya. Katika bonde la Mrusungu umesimama mti wa mkukusu uliopimwa mita 81.5, mrefu kuliko mti wowote unaojulikana Afrika. Wapare nao wana Shengena, kilele cha milima yao, chenye ukungu na msitu wake.

Muwaonyeshe pia mfongo. Mababu zetu walichimba mifereji hiyo kwa mkono, wakaongoza maji ya mlimani hadi vihambani, kila ukoo ukijua zamu yake. Kahawa iliyowasomesha wengi wetu, ile iliyouzwa kupitia KNCU, ushirika wa wakulima wetu, tangu mwaka 1933, ilikua kwenye udongo uleule uliokuwa ukinyweshwa na mifereji hiyo. Leo mingi imekauka au imejaa takataka. Vijana wa ukoo wakikusanyika Desemba, siku moja tu ya majembe inatosha kuufungua mmoja.

Na mkiuona mlima ukiwa wazi, mapema asubuhi kabla mawingu hayajapanda, uangalieni vizuri. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imeshatoweka. Bibi aliyezaliwa zamani atakuonyesha kwa kidole ilikuwa inashuka hadi wapi. Muulize angali yupo. Na tafadhali, anayerina asali au kusafisha shamba karibu na msitu asiache moto nyuma yake. Tuliona Oktoba 2020 mlima ulivyoungua siku kwa siku.

Kwa mliopo ughaibuni na mnaobaki kazini, wauguzi, askari, walinzi, mafundi wa umeme, tutawawekea kipande chenu. Pigeni simu mchana, wakati watu wote wako uani, muongee na wazee.

Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya kwenu nyote, kutoka Siha na Hai hadi Rombo, Mwanga na Same. Aika mbe, aika mae. Tukutane nyumbani.