Barua ya wazi kwa wanangu wa bahasha za kaki: lile swali la kujiongeza

Wanangu mnaozunguka na bahasha kutafuta kazi, marahaba kwa wote mlioniamkia wiki hii, na ambao hamkuniamkia nawasamehe maana najua mna mawazo.

Nimeamua niandike hadharani badala ya kumwambia mmoja mmoja kibarazani, kwa sababu wiki iliyopita walinijia watatu, siku tofauti, wametoka kwenye intavyuu tofauti, na wote watatu waliulizwa swali lile lile, tuambie siku ambayo kazini ulifanya zaidi ya ulichotakiwa. Wengine wanaliuliza kwa Kizungu, abavu endi biyondi. Na wote watatu, haki ya Mungu, walijibu kitu kimoja: mwenzangu aliumwa, nikafanya kazi yake na ya kwangu, nikamaliza kwa wakati, bosi akafurahi. Huyo wa tatu nikamuuliza, mwenzako alikuwa anaumwa nini? Akacheka. Hakuna mwenzake aliyeumwa, kaitoa YouTube.

Sasa mjue mimi nimekaa upande ule mwingine wa meza miaka 14. Kabla sijastaafu nilikuwa msimamizi wa stoo kwenye kampuni ya mizigo hapa Dar, na kila wakitafuta karani au mtu wa stoo au dereva naitwa kwenye paneli. Huyo mgonjwa wenu nimekutana naye sana. Kaumwa malaria, kaumwa taifodi, kajifungua, kafiwa na baba mara mbili. Akishatajwa na mtu wa nne kwa siku moja, mhasibu wetu ananisogezea kikaratasi kaandika "mgonjwa wetu anaendeleaje", na mimi nabana kicheko hapo mbele ya mtoto wa watu kavaa tai ya kuazima. Siyo vizuri, najua, ila kukaa kwenye kiti kuanzia saa mbili mpaka saa kumi kusikiliza hadithi moja nako siyo kuzuri.

Na wala siwalaumu sana, maana hili swali linawakuta hamjaandaliwa. Sisi wazazi tumewalea na "usiwe na kiherehere". Mtoto akiingilia jambo ambalo hakutumwa anaambiwa ana kimbelembele, akijisifia anaambiwa kizuri chajiuza kibaya chajitembeza. Miaka ishirini na kitu tunamfundisha kusubiri kutumwa na kunyamaza kuhusu nafsi yake, halafu siku moja tunamnyooshea suruali tunampeleka mbele ya watu watano hajui hata mmoja, wanamwambia haya jitembeze. Lazima akimbilie YouTube.

Bahati nzuri nyie wenyewe mtaani mna neno ambalo ndo jibu lenyewe, na hamlitumii mkifika kule. Kujiongeza. Mkimwona mtu kapewa hela ya mkate akakuta umeisha akaleta maandazi na chenji, mnasema huyu kajiongeza. Hamsemi kateseka, hamsemi kakesha. Mnasema kaona kitu, kafikiri, kafanya, na nyumbani watu wamekunywa chai. Paneli inatafuta hicho hicho, wala hawana jipya. Wanataka wajue, ukiwa peke yako na hakuna aliyekutuma, macho yako yanaona nini.

Ndo maana jibu la masaa huwa halisaidii. Kuna kijana mmoja alituambia kwa kujiamini kabisa kwamba alikuwa anaingia kazini saa kumi na mbili asubuhi na kutoka saa tatu usiku, kila siku, miezi minane. Mwenyekiti akamuuliza, kwa nini? Akasema kwa sababu mimi najituma. Akaulizwa, hayo masaa ya ziada yalibadilisha nini? Kimya. Akajaribu tena, nilikuwa najituma sana. Masikini, alikuwa anasema kweli na mwili ulionyesha, ila hakuwa na kitu cha kutupa mkononi. Na mtu wa rasilimali watu alikuwa anawaza mambo mengine kabisa, maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka saa 45 kwa wiki, tisa kwa siku, na ovataimu isizidi saa 50 ndani ya wiki nne na ilipwe angalau mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Ukijisifia masaa 15 kwa siku, mwajiri makini anasikia kesi inakuja, na mwajiri asiye makini anasikia mtu wa kumfanyia kazi bure. Huyo wa pili ndo mbaya zaidi, sitaki awapate.

Sasa niwaambie la binti mmoja ambaye mpaka leo namkumbuka. Alikuja kuomba ukarani, sivii yake ukurasa mmoja, kazi aliyowahi kufanya ni kukaa kwenye kibanda cha wakala wa pesa za simu tu. Tulipomuuliza lile swali akaomba radhi kwanza, akasema sijui kama hiki kinahesabika. Akasema pale kibandani wateja walikuwa wanarudi wanagombana, hela imeenda namba siyo, wiki moja watatu, wiki nyingine wanne, na bosi alishasema kosa ni la mteja siyo letu. Yeye akaanza kuwasomea namba kwa sauti, tarakimu tatu tatu, mteja anaitikia, ndo anabonyeza. Kwa wazee akawa anawaandikia kwenye kikaratasi wahakiki wenyewe. Na kila ugomvi akauandika kwenye kaunta buku, tarehe na kiasi. Baada ya mwezi akamwonyesha bosi, ugomvi umebaki mmoja, na huo mmoja mteja mwenyewe alikuwa kalewa. Bosi akamwambia amfundishe na wa kibanda cha pili.

Basi. Dakika mbili hazikufika. Mhasibu wetu, yule wa vikaratasi, aliweka kalamu chini akamtazama. Hajakesha wala hajamwokoa mtu. Kasoma namba kwa sauti. Ila ndani ya hicho kisa kidogo kuna tatizo ambalo hakuna aliyemtuma alishughulikie, kuna alichokifanya yeye kwa mkono wake, kuna namna alivyojua kimefanya kazi, na kuna mtu aliyefaidika. Mkienda kwenye semina mtafundishwa hayo hayo kwa herufi nne za Kizungu, STAR (hali, jukumu, hatua, matokeo), sawa, jifunzeni, mimi nawapa kama yalivyokaa kwenye kile kisa. Aliajiriwa, na mimi ndo nilimfundisha kujaza kadi za stoo.

Ila hapo kwenye kujiongeza pana shimo na wengi wanatumbukia wakiwa wanatabasamu. Alikuja kijana mwingine, mchangamfu, akatuambia mtunza stoo wake alikuwa kasafiri, mteja kaja na lori anataka simenti, yeye akaona asimpoteze mteja, akafungua stoo akatoa mifuko 40, vibali vikaja kuandikwa jioni. Alisimulia kama mtu aliyefunga goli dakika ya tisini. Mimi jasho linanitoka. Wanangu, kwenye stoo anayeagiza siyo anayepokea na anayepokea siyo anayelipa, na mzigo hautoki bila karatasi, na hizo sheria hazikuwekwa ili kuwaonea watu, ziliwekwa kwa sababu kila moja ilishamgharimu mtu kazi au hata kifungo. Angesema nilimpigia mtunza stoo na msimamizi, nikamtafutia mteja kiti na maji, kibali kikaja kwa njia yake ndani ya saa moja, tungempa alama zote. Kwa hiyo kabla hujapeleka kisa chako kule kipime, je uligusa hela, saini, funguo au dawa ambayo haikuwa ya kwako? Kama ndiyo tafuta kisa kingine. Hicho ndo kiherehere chenyewe, bibi zenu hawakukosea.

Kujipendekeza nako ni kitu kingine. Kumbebea bosi mkoba, kumwoshea gari Jumapili, kumpeleka mwanae shule, hayo kayasimulieni kwa shangazi zenu. Paneli ikisikia hayo inajua ulikuwa unamtumikia mtu na kazi imekaa pembeni.

Najua mnachotaka kusema, mzee sisi hatujawahi kuajiriwa, tumetoka chuo na fildi ya wiki nane tu. Nimelisikia. Sasa we mwenyewe uliyekuwa mweka hazina wa kamati ya harusi ya dada yako (unajijua) mbona hiyo husemi? Kamati za harusi zetu tunazijua, ahadi milioni kumi zinaingia sita, mwenye ukumbi anadai, na baada ya harusi hakuna anayejua hela ilienda wapi, watu wananuniana mpaka msiba uje uwapatanishe. Wewe ulikaa na Excel, ukatenganisha ahadi na kilicholipwa, kila Ijumaa unaituma kwenye grupu, na harusi ilipoisha ukatoa hesabu mpaka ya maji ya kunywa na chenji ukairudisha. Nani alikutuma? Hakuna. Na wajomba wanne waliokuwa hawajalipa walilipa kwa aibu ya ile orodha. Hicho ni kisa cha mtu anayeomba kazi ya uhasibu msaidizi, na wewe ukaenda kuwaambia habari za mwenzako aliyeumwa! Nilitamani nikunase kibao.

Madrasa, kwaya, JKT, duka la mama, timu ya mtaa, fildi yenyewe, vyote vinafaa mradi ni kweli na wewe ulikuwepo. Na uwe na majina na namba za hapo kichwani, siyo za kubuni, maana watakuchokonoa. Wakiuliza "ulijuaje", "bosi alisemaje", "gharama ilikuwa kiasi gani", kisa cha kweli kinazidi kunoga na cha uongo kinaanza kutoa jasho.

Jambo lingine dogo lakini linawaangusha sana, hasa mkijibu kwa Kiswahili. Acheni "tuli". Tuliamua, tukaona, tukafanya. Tumelelewa hivo, kusema nili-nili kunasikika kama majivuno, nakubali, hata mimi hapa inanipa tabu. Lakini paneli inajaza karatasi yenye jina lako, siyo la kikundi. Na kwenye usaili wa serikali, ule wa Sekretarieti ya Ajira, ukishavuka mchujo wa kuandika ukafika kwenye mahojiano, pale ni alama zinawekwa, na "tuli" haina pa kuandikwa. Sema tulikuwa watano, mimi nilifanya hiki. Hapo umewataja wenzio na umejitaja, hakuna aliyedhulumiwa.

Nimalizie na kisa changu, maana mnanionaga mzee wa kuchekacheka mnadhani nilizaliwa upande wa paneli.

Mimi nilikuwa karani wa stoo kwenye shirika moja la umma, wakati wa kubinafsisha tukapunguzwa, mwaka 1998 hiyo. Intavyuu ya kwanza baada ya hapo niliulizwa hili hili swali, nikajibu kwa heshima kabisa kwamba miaka kumi sijawahi kukosea wala kuchelewa. Wakaniambia asante. Nilirudi nyumbani kwa mguu nimefurahi, nikijua nimepata. Wapi.

Ya pili ilikuwa mwaka uliofuata. Usiku wake mama yenu akaniambia mbona huwaelezi ile ya mvua. Nikamwambia kuinua mifuko nayo ni hadithi? Mnajua zile mvua za El Nino, mwishoni mwa 1997, Dar ilikuwa maji matupu. Siku moja jioni, watu washaondoka, mimi nafunga stoo nikaona ukuta wa nyuma umeanza kulia maji. Nikamwita mlinzi, tukatafuta paleti kuukuu nje huko, tukainua mifuko ya unga na sukari ya ule upande, mfuko mmoja baada ya mwingine, mpaka karibu saa tano usiku. Asubuhi maji yalikuwa yamefika kwenye kifundo cha mguu. Mifuko iliyoloa ilikuwa sita, na upande ule ilikuwepo zaidi ya mia mbili.

Nikawaeleza hivo hivo. Wakasikiliza vizuri, wakaandika. Halafu mama mmoja wa makamo aliyekuwa kakaa pembeni, hakuwa ameongea tangu niingie, akaniuliza, hayo maji yalipitia wapi? Nikasema gata ya nyuma ilikuwa imeziba majani. Akauliza, iliziba lini? Hapo nikanyamaza kidogo, uongo ulikuwa karibu sana mdomoni, nikasema mama, nilikuwa naiona imeziba tangu Septemba, kila nikipita naiona, nikawa najiambia kuna mtu wa matengenezo analipwa kwa hiyo kazi.

Akaandika kitu kirefu kwenye karatasi yake. Nikatoka pale najua nimejiharibia mwenyewe, nikapanda daladala hata konda sikumsikia anadai nauli. Wiki mbili zikapita, mtoto wa jirani akaniletea bahasha, maana tulikuwa tunatumia sanduku la posta la baba yake. Nilianza kazi siku ya Jumatatu, na siku ya kwanza yule mama alinizungusha stoo nzima tukaishia nje, ananionyesha gata.