Usiache jina lako kwa kuwaogopa watu

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza huku mwaloni Kirumba, simu nimeibana kwa bega, mikono ikigeuza dagaa kabla jua halijawa kali. Nyumbani usiku nikaurudia. Umenieleza kwamba wenzako, haohao uliodhani watakuelewa, wamekuambia anayejiita baiseksho, yaani anayevutiwa na watu wa jinsia zaidi ya moja, amepitwa na wakati na anawabagua watu waliobadili jinsia, na kwamba mwenye moyo safi hujiita panseksho, yaani anayevutiwa na mtu bila kujali jinsia yake.

Si kweli, mwanangu. Imeniuma kusikia umeanza kulionea aibu neno ulilonitamkia kwa shida vile.

Mwaka 1990, huko San Francisco, Marekani, jarida la mabaiseksho liitwalo Anything That Moves lilitoa tamko lao. Walisema wazi: msidhani sisi tuna pande mbili, wala kwamba lazima tuwe na mwanamume na mwanamke kwa wakati mmoja ndipo turidhike, na tena msidhani jinsia ni mbili tu. Sasa anayekuambia neno hilo linawafungia wengine mlango ameyatoa wapi? Wenye neno walishajibu kabla hamjazaliwa.

Mwanaharakati wao mmoja, Robyn Ochs, anaeleza kwa namna niliyoipenda: ni kuweza kuvutiwa na watu wa jinsia zaidi ya moja, si lazima kwa wakati mmoja, si lazima kwa namna moja, wala kwa kiwango kilekile. Ndivyo ulivyonieleza wewe. Uliniambia moyo wako ukimwelekea msichana unakuwa na hali yake, ukimwelekea mvulana una hali nyingine.

Panseksho, kwa jinsi wengi wao wanavyojieleza, hawaoni tofauti hiyo. Jinsia ya mtu haiingii kwenye hesabu; anampenda mtu kwa alivyo. Ni jambo zuri, na kama ndivyo unavyojisikia, jiite hivyo. Lakini halimfanyi mtu kuwa bora kuliko mwenzake. Wapo wengi wanaotumia majina yote mawili, na ukiwaweka pamoja mtu wa nje hawezi kuwatofautisha. Hata bendera zinakaribiana: ya mabaiseksho, aliyoibuni Michael Page mwaka 1998, ina waridi, zambarau na buluu, ya mapanseksho ina waridi, njano na buluu ya mbingu.

Nikisikia mnagombania jina napata hofu ya mama. Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu Tanzania, kifungu cha 154, inataja jela miaka 30 hadi maisha kwa kile inachokiita kinyume cha maumbile, na haitawauliza nani ni nani. Ninyi mko wachache, mnahitajiana. Picha za bendera zisikae kwenye simu yako, na mazungumzo haya msiyafanyie kwenye daladala. Sisemi hivyo kwa kukuonea aibu. Nautaka uzima wako.

Baba yako sijamwambia. Habari ni yako, utaitoa siku utakayotaka, na siku hiyo nitakaa pembeni yako.

Huyo mwenzako wa chumba aliyehamia upanseksho usimnunie. Muulize anajisikiaje, umsikilize mpaka amalize, kisha naye akusikilize. Akikataa kukusikiliza, nipigie, hata kama ni usiku.

Mama yako